Kurasa za Zambarau za Sista Asteria

Jumatatu, 3 Machi 2025. Tangini, Kibaha

Leo ni mwaka mmoja, miezi mitatu na siku tisa tangu niondoke nyumbani Misungwi. Nilimwambia mke wangu Yunisi kwamba naenda miezi sita tu. Nilikuja na ng'ombe wa watu, nikachunga Vihingo kule Kisarawe mpaka wenye ng'ombe walipohamia Rufiji. Mimi nilibaki, nikawa kibarua wa kuchimba mashimo na kubeba tofali. Mwezi uliopita nilikuja hapa Tangini kuchimba shimo la choo kwa mama mmoja mstaafu. Shimo limekwisha na bado nipo.

Mama huyo anaitwa Asteria. Alikuwa muuguzi, mtaa mzima unamwita Sista, na mimi namwita hivyo. Ndiye aliyenipa hili daftari. Kasema niandike kila siku ili mwandiko unyooke, kwa sababu nitakuwa naandika lebo za kazi yake. Niliishia darasa la sita. Aliangalia herufi zangu akasema, "Magembe, hizi zimetoka kilabuni."

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Nimechimba mfereji nyuma ya nyumba ili maji yasiingie chumba cha masanduku.

Alhamisi, 6 Machi

Nieleze kazi yenyewe, maana hata mimi sikuielewa upesi.

Sista alisomea uuguzi Uingereza miaka ya sabini, mji wa Leeds. Alipanga chumba kwa mama mmoja mwenye kijana aitwaye Norman. Huyo Norman alipenda hadithi za katuni kuliko chakula. Tena hakuwa peke yake. Wenzake walikuwa wametawanyika nchi nzima, wengine wanafunzi, wengine makarani, mmoja dereva wa lori la maziwa. Kila mmoja alitengeneza kijarida chake kuhusu katuni anazozipenda: nani kachora nini, hadithi ipi ilikatizwa njiani, toleo gani limepotea. Walipiga taipu, wakachora kwa mkono, wakachapa nakala hamsini jikoni kwa mama zao, wakabana kwa pini na kutumiana kwa posta. Hakuna aliyelipwa. Kijarida cha Norman kiliitwa Jumanne ya Mvua. Sista alikuwa mwepesi wa taipureta, basi akitoka zamu ya wodi alikaa kumchapia Norman kurasa zake. Alifanya hivyo miaka minne.

Norman alipofariki, dada yake aliweka vijarida vyote kwenye masanduku matano ya bati, vyake na vya wenzake, akamtumia Sista kwa meli. Sasa Sista anavipiga picha kwa mashine, ukurasa kwa ukurasa, na kuviweka kwenye mtandao ili mtu yeyote duniani avisome bure. Waliovitengeneza walio hai amewaandikia kuomba ruhusa. Wengi wamejibu kwamba walidhani hakuna nakala iliyobaki popote.

Nilimuuliza, "Sista, nani atavisoma?"

"Sijui. Mgonjwa akiletwa, huulizi ana ndugu wangapi. Unamhudumia."

Kusema kweli niliona ni mchezo wa mtu aliyeshiba.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimejua kwa nini ana haraka. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazima, la kulia linabana kidogo kidogo kutoka pembeni, kama mtu anayefunga pazia. Daktari amemwambia asitegemee kusoma mwakani.

Nikasema Wilfred anaweza kuendelea. Wilfred ni mtoto wa mdogo wake wa kike, ndiye anayejua mambo ya kompyuta.

"Wilfred ataweka picha," Sista akasema. "Lakini nusu ya hawa walijipa majina ya uongo, na wachoraji wengi hawakusaini. Mimi ndiye niliyekuwa napokea barua zao. Nikiona mstari najua ni wa nani. Lazima kila ukurasa upite kwenye jicho hili kabla halijafunga. Vinginevyo ni rundo la karatasi zisizo na wenyewe."

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mimi nanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, nakausha, natoa kijarida. Nafungua ukurasa, naulaza kwenye skana, nabonyeza. Yeye anausoma kwa lenzi kubwa, ananitajia jina, naandika lebo kwa penseli. Kalamu ya wino hairuhusiwi chumbani. Anageuza karatasi kama anayefungua bandeji kwenye kidonda kibichi.

Jumanne, 11 Machi

Kurasa arobaini na mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Wilfred amekuja. Anafanya kazi ofisini Dar, kila siku anatoka Kibaha gizani na kurudi gizani, lakini Jumamosi yake anaileta hapa.

"Magembe, wewe ndiye Msukuma wa kwanza kuajiriwa na katuni za Wazungu."

"Na wewe ndiye mtu wa ofisini wa kwanza kuandaliwa chai na mchunga ng'ombe."

"Chai yenyewe haina sukari."

"Sukari ni ya Sista. Muulize mwenyewe."

Sista akaitikia kutoka chumbani: "Nawasikia! Wilfred, wewe na hicho kitambi, sukari ya nini?"

"Mama mkubwa, hiki siyo kitambi, ni cheo."

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimeona kitu ambacho kimenibadilisha mawazo kidogo. Kijarida cha yule dereva wa lori la maziwa kina alama ya mduara kwenye jalada, kama kikombe cha chai kimewekwa juu yake. Nilitaka kuifuta. Sista akacheka, akanieleza. Dereva alimwaga chai kwenye nakala moja. Hakuwa na karatasi ya kuirudia, na hakutaka msomaji mmoja apate kijarida chenye doa wakati wenzake wana safi. Basi akachukua brashi, akachora doa hilohilo kwenye nakala zote zilizobaki, moja moja, ili wote wawe sawa.

Nimefikiria jambo hilo siku nzima. Mtu ameamka alfajiri kusambaza maziwa, amerudi amechoka kama ninavyochoka mimi, kisha anakaa kuchora madoa ya chai kwa ajili ya watu ambao hajawahi kuwaona.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Umeme umekatika tangu asubuhi. Tumekaa.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Yunisi amepiga. Kasema mahindi yamestawi, mtoto wetu Wema amefaulu hesabu, na je, miezi sita ya kwetu ina siku ngapi?

Ijumaa, 4 Aprili

Masanduku mawili yamekwisha. Matatu mengine yako shambani kwa Sista huko Msimbu, Kisarawe, chini ya mlinzi wake mzee Hussen. Wiki ijayo Sista anakwenda Dar kutibiwa jicho, siku nne, Wilfred atakuwa naye. Mimi nitakwenda kuyaleta masanduku.

Jumanne, 8 Aprili. Msimbu

Nimefika saa tano kwa bodaboda, nimelowa mpaka mfukoni. Mzee Hussen ni Mzaramo, na Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani, hivyo hakuniacha hata nikae.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mtani, umekuja na ng'ombe wangapi leo wa kula muhogo wangu?"

"Nimekuja peke yangu."

"Afadhali. Wewe mmoja nitakulisha, ng'ombe wako wangenila mimi."

Masanduku mawili ni mazima. La tatu limeoza chini kwa kutu, na vijarida vina unyevu na harufu ya ukungu, kurasa zinaanza kushikana. Nimempigia Sista, simu imezimwa. Nimempigia Wilfred, haipatikani. Nikiviacha hivi vitaoza kabla hawajarudi. Itabidi nitumie akili yangu.

Jumatano, 9 Aprili. Msimbu

Mungu ametupa jua, kali kabisa, baada ya wiki mbili za mawingu. Nimefanya kazi ambayo nadhani Sista ataifurahia. Kwetu viazi vitamu tunavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya miamba mpaka viwe michembe, na michembe yangu haijawahi kuota ukungu hata msimu mmoja. Kwa hiyo najua kuanika.

Nimetandika turubai mbili kubwa. Pini zote zilikuwa zimeshika kutu, nikazitoa taratibu kwa ncha ya kisu. Nimelaza kila karatasi peke yake, zisipandane, kwa mpangilio wa namba, na kijiwe safi juu ya kila moja. Saa sita nimezigeuza zote ili upande wa pili nao upate jua.

Mzee Hussen alisimama kando akinitazama. "Mtani, hiyo michembe ya Ulaya inaliwa na nini?"

"Na maziwa ya mgando, mzee."

"Basi nibakishie sahani."

Alhamisi, 10 Aprili. Msimbu

Jua. Nimezianika tena na kuzigeuza saa sita. Ukungu unakufa. Zile zenye maandishi ya zambarau zimekuwa nyeupe na safi kuliko jana.

Ijumaa, 11 Aprili. Msimbu

Jua mpaka saa kumi. Nimezipanga zote kwenye boksi kavu. Nimepata kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, cha kunirudisha Kibaha, lakini dereva amekubali boksi hili tu, kasema akibeba na masanduku hatapanda kile kilima chenye tope. Hayo mawili mazima yatafuata.

Jumamosi, 12 Aprili. Tangini

Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Sista alirudi mchana na miwani myeusi. Daktari kamkataza kusoma mpaka Jumatatu. Nilimweleza kuhusu kutu na unyevu, na jinsi nilivyozikausha. Alifurahi. Akasema, "Nipe hata nizishike tu." Nikampa zile za juu, toleo la tatu la Jumanne ya Mvua. Alizipapasa, akasema zimenyooka vizuri. Kisha akazileta puani.

Akanusa tena.

"Magembe. Zimekaukia wapi?"

"Juani, Sista. Siku tatu. Nilizigeuza vizuri."

Akavua miwani. Wilfred akasema, "Mama mkubwa, daktari kasema," lakini alishaileta karatasi mbele ya jicho. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu. Nilidhani anatafuta ukungu.

"Zilikuwa na maandishi ya zambarau," akasema.

"Ndiyo. Zimekuwa safi."

Wilfred akainama, akatazama begani kwake, akashika kichwa.

Sista akanieleza taratibu, kwa sauti ileile aliyonifundishia kubonyeza skana. Kuna wino wa aina mbili. Ule mweusi hupita kwenye stensili, karatasi ya nta iliyotobolewa herufi, una mafuta, hata ukiuanika mwezi mzima haudhuriki. Wa zambarau hutoka kwenye mashine ya spiriti, iliyotumiwa na wale wasioweza kumudu mashine kubwa. Huo jua huula. Dirishani tu unafifia. Juani kabisa, siku tatu, pande zote mbili, unaondoka. Norman alipoanza hakuwa na kitu, matoleo yake tisa ya mwanzo yalikuwa ya zambarau matupu. Na hakuna nakala nyingine duniani anayoijua yeye.

"Kivulini zingekauka," akasema. "Zingechelewa, lakini zingekauka."

Hakunitukana. Kama angenitukana ningejua pa kuuweka moyo wangu. Aliinuka akishika ukuta, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Wilfred alihesabu. Karatasi za wino mweusi zote salama. Za zambarau themanini na nne. Nilimuuliza ni ngapi zimeharibika. Akasema, "Magembe, zote."

Jumapili, 13 Aprili

Nimefunga begi langu. Niseme ukweli, sikubaki kwa uungwana. Nilitaka kwenda stendi nikapande basi la Mwanza, lakini mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka jioni na barabara yetu ikawa mto. Nilikaa kwenye kibanda changu nikitazama begi.

Saa nane Sista alivuka ua na mwavuli akaniletea ugali na dagaa. Aliliona begi. Akasema, "Kesho nataka meza iwe upande wa dirisha la kaskazini," akaondoka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimehamisha meza.

Wilfred aliomba ruhusa kazini, akafundisha kompyuta kuzitafuta hizo rangi. Unapiga picha ukurasa kwa rangi zake zote, kisha unaiambia kompyuta iondoe nyekundu na bluu na kukoleza kilichobaki. Mbele ya macho yangu maneno yalirudi kutoka kwenye karatasi niliyoiona tupu. Nilipiga kelele. Sista naye alipiga kelele, kisha akanikumbusha tusifurahi mapema. Karatasi ya kwanza imerudi yote, ya pili nusu, ya tatu imegoma.

Jumatano, 23 Aprili

Wilfred amemaliza. Karatasi sitini na moja zinasomeka. Ishirini na tatu kompyuta imeshindwa. Jicho la Sista nalo halizioni, hata kwa lenzi anaona weupe tu.

Nikiinua karatasi mbele ya dirisha na kuilaza kidogo upande mmoja, mimi naona kitu. Ni kivuli cha rangi, kama njia ya ng'ombe kwenye majani asubuhi. Nimechunga miaka ishirini, macho yangu yamezoea kutafuta. Nikamwambia Sista.

"Soma," akasema.

"Sista, Kiingereza sikijui."

"Sijaomba Kiingereza. Nimeomba herufi."

Basi nikaanza. T. H. E. Nafasi. L. A. S. T. Yeye anasikiliza amefumba macho, vidole vinagonga meza kama anapiga taipu, na neno likikamilika analitamka. Nisipoona vizuri nasema, "Hapa ni O au C, ina mkia kama A," naye anapima linaloingia. Kutwa nzima tumepata mistari kumi na minane. Kichwa kinaniuma kuliko siku ya kupakua saruji.

Alhamisi, 24 Aprili

Mistari ishirini na moja.

Ijumaa, 25 Aprili

Mistari kumi na tisa. Mawingu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua na giza, hakuna mwanga wa kusomea. Sista amenihadithia wodi za Leeds. Wagonjwa wengine hawakutaka kuguswa na mkono mweusi. Alivumilia, akarudi nyumbani, akakuta Norman ameacha ukurasa kwenye taipureta na sahani ya chakula imefunikwa. "Hakuwahi kuniuliza siku yangu ilikuwaje," akasema. "Aliniuliza kama yule shujaa wa toleo la nne afe au asife. Hiyo ilinisaidia zaidi."

Jumamosi, 3 Mei

Leo nilikuwa nataja herufi, sijui ninachosema, kama mtu anayesoma namba za magari barabarani. Nikamaliza mstari, Sista akaanza kutetemeka. Niliogopa. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akaegemea meza, akifuta macho kwa kanga.

"Norman, mjinga wewe!" akasema kwa Kiswahili, kana kwamba yuko chumba cha pili.

Utani wa zaidi ya miaka hamsini umepita kwenye mdomo wangu bila mimi kuujua, ukamkuta. Nilimwomba anieleze. Alijaribu, lakini ulihusu mchoraji fulani na farasi mwenye miguu mitano, na kwa Kiswahili farasi alikufa njiani. Haidhuru.

Nilifikiri huyu mama ameshiba. Sasa naona ni mtu mwenye zamu ambayo hakuna wa kumpokea.

Ijumaa, 9 Mei

Masanduku mawili yaliyobaki yamefika kutoka Msimbu, makavu. Mzee Hussen ametuma salamu: mtani asisogezwe karibu na turubai.

Jumanne, 20 Mei

Karatasi kumi na nane. Maneno mengine sasa nayajua kwa umbo, sihitaji kuyataja herufi kwa herufi. Sista amegundua, akasema, "Unaniibia mshahara wa mwalimu."

Jumanne, 27 Mei

Ishirini na mbili. Imebaki moja, ukurasa wa saba wa toleo la tatu. Hiyo ilikuwa pembeni kabisa mwa turubai, haikupata hata kivuli cha majani. Nimeitazama asubuhi tatu. Nimeilaza, nimeisimamisha, nimeitazama kwa nyuma. Naona namba saba tu, pale chini kijiwe kilipokaa.

Jumatano, 28 Mei

Nilimwambia Sista ukweli, ukurasa wa saba hauna kitu.

"Ule ulikuwa na picha yangu," akasema. "Niliichora mimi. Muuguzi amebeba chupa za mkojo kumi kwa mpigo, anateleza. Ndiyo picha pekee niliyowahi kuchora maishani. Norman alinilazimisha."

Nilitamani shimo nililochimba liwe bado wazi.

Nikasema, "Unaikumbuka. Ichore tena. Wilfred ataiweka, hakuna atakayejua."

"Nikiichora sasa ni picha ya bibi wa miaka sabini na minne. Ile ilikuwa ya msichana wa ishirini na mbili. Hapana. Ukurasa utawekwa kama ulivyo, mtupu, na chini yake maelezo."

"Maelezo gani?"

"Kwamba ulififia juani Msimbu, Aprili 2025, na jina la aliyeuanika."

Nikasimama. "Sista, naomba. Dunia nzima itaniona. Weka kwamba ni mvua. Weka kwamba ni mchwa."

"Keti." Nikaketi. "Wodini ukimpa mgonjwa dawa isiyo yake, unaandika kwenye faili lake na unasaini. Hatukuandika ili kumwaibisha mtu. Tuliandika ili anayeingia zamu baada yako ajue mgonjwa amepitia nini. Mimi nimesaini mara mbili maishani. Ya pili mgonjwa alifariki."

Nilivuta kiti karibu na meza.

"Na tukishaandika nani aliyezianika," akaendelea, "tutaandika nani aliyezisoma ishirini na mbili. Jina ni lilelile. Wasomaji watajumlisha wenyewe."

Wilfred alitaka kujua aandike vipi. Nilimtajia mwenyewe, kwa Kiswahili, naye Sista akaweka Kiingereza chini yake. Nilisema: Mimi Magembe Lusana wa Misungwi nilianika karatasi hizi juani siku tatu nikidhani naziokoa. Sikujua wino huu hauwezi jua. Anayetunza karatasi kama hizi azikaushe kivulini.

Jumapili, 1 Juni

Tumefungua tovuti. Wilfred alibonyeza, Sista akaketi mbele ya kompyuta, herufi zimekuzwa mpaka neno moja linajaza nusu ya kioo. Alisoma jalada la toleo la kwanza kwa jicho lake. Ilimchukua muda.

Masanduku matatu yako mtandaoni, kurasa elfu mbili na zaidi, kila mmoja na jina la mwenyewe.

Alhamisi, 5 Juni

Barua pepe kumi na moja. Wilfred anasoma, Sista anatafsiri. Mzee mmoja kasema aliandika makala akiwa na miaka kumi na mitano, na mkewe hajawahi kuamini. Sasa amemwonyesha, na mke kasema makala ni mbaya. Mwingine kasema yeye aliviweka vyake kwenye kabati la kioo mkabala na dirisha miaka thelathini, akavifuta vyote mwenyewe, na hakuwahi kuthubutu kumwambia mtu mpaka aliposoma maelezo ya Bwana Lusana.

Bwana Lusana ni mimi.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua zimekatika kabisa. Nimekata tiketi ya kesho mchana.

Leo nilimkuta Sista amekaa mbele ya sanduku la nne, amelifungua, amechukua kijarida kimoja cha wino mweusi mzito, ule ambao hata mtoto angeusoma. Anakigeuza huku na huku. Nikajua.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Ijumaa. Naona mwanga na naona wewe umesimama. Herufi, hapana." Akakirudisha mahali pake. "Nimesoma nilichosoma, Magembe. Nenda nyumbani. Una mke, una mtoto. Wewe ulikuja kuchimba choo."

"Haya mawili nani atasema ni ya nani?"

"Michoro siwezi tena. Maandishi labda. Mtu anisomee, nitawajua kwa wanavyoandika. Kila mmoja ana mwendo wake. Wilfred atanisomea akipata nafasi."

"Wilfred ana Jumamosi tu."

Akafunga sanduku.

Nimempigia Yunisi. Nimemweleza yote, tangu turubai mpaka leo. Nilitegemea ugomvi. Akauliza, "Kwa hiyo huyo mama anakusubiri wewe umsomee Kizungu? Wewe?"

"Mimi."

Alicheka sana. Kisha akasema, "Safari hii usiniambie miezi sita. Niambie tarehe, na kila unapokwenda uniambie tarehe, nami nitakupeleka stendi na nitakuja kukupokea."

Nimemwambia. Nimemwambia na Sista, nikasimama mlangoni mpaka alipoirudia. Nitafika Misungwi keshokutwa Jumatano asubuhi. Nitavuna, nitamwona Wema akifungua shule. Nitarudi Tangini Alhamisi, tarehe 17 Julai, na Ijumaa saa mbili asubuhi nitanawa mikono.